Tanuri la kuni la nje: kulitunza na kutafuta hitilafu bila kubahatisha

Tanuri linawaka, kuni zinaisha, nyumba haipati joto. Wa kwanza utakayemuuliza atakwambia pampu imekufa. Wa pili atalaumu thamostati. Kabla hujanunua chochote, chukua kipimajoto. Hitilafu nyingi za tanuri la kuni la nje husomeka kwenye joto la mabomba, na ukishasoma joto hilo mahali panne utajua tatizo liko wapi: kwenye moto, kwenye maji, ardhini, au ndani ya nyumba. Vipuri vinakuja baadaye, na mara nyingi haviji kabisa.

Mwongozo huu unahusu tanuri la aina iliyozoeleka zaidi: sanduku la moto lililozungukwa na tangi la maji, limesimama nje mbali kidogo na nyumba. Maji ya moto yanasukumwa na pampu kupitia mabomba yaliyofukiwa, yanaacha joto ndani ya nyumba, kisha yanarudi kupashwa tena. Mengi ya matanuri haya yana tundu la wazi juu ya tangi, kwa hiyo maji yake hayako kwenye shinikizo. Kama lako limefungwa na lina vali ya usalama pamoja na tangi la kutanukia, mengi ya humu bado yanakuhusu, ila kazi yoyote inayogusa tangi au vali hiyo mwachie fundi wa boila.

Moto unaoamka na kulala

Kwenye matanuri mengi maji huwekwa kati ya nyuzi 75 na 85 za Selsiasi. Joto likishuka chini ya kiwango ulichoweka, thamostati inawasha feni au inafungua kifuniko cha hewa, na moto unaamka. Joto likifika, hewa inakatwa, moto unalala.

Kulala huko ndiko kunakozaa nusu ya matatizo. Kuni hazijazimika, zinafuka polepole bila hewa ya kutosha, moshi mzito unagusa kuta zilizopoa na kuganda kuwa kreosoti, utandu mweusi unaonata kama lami. Tanuri kubwa kuliko mahitaji ya nyumba hulala muda mrefu zaidi, hivyo hutoa moshi zaidi na kreosoti zaidi. Ndiyo maana siku zisizo na baridi kali ni afadhali kutia kuni chache mara nyingi kuliko kulijaza hadi juu mara moja. Mtu aliyejaza tanuri asubuhi ya siku yenye jua anapika moshi mchana kutwa.

Kabla ya kugusa chochote

Mlango kwanza. Moto uliolala umejaa gesi zinazosubiri hewa. Ukifungua ghafla, hewa inaingia, gesi zinawaka kwa mlipuko, na uso wako uko mbele yake. Fanya hivi kila mara, hata ukiwa na haraka:

1. Zima feni kwa swichi. Kama tanuri lina kifuniko cha kuachia moshi upite moja kwa moja kwenye bomba la moshi, kifungue.
2. Vaa glavu za ngozi na miwani ya kinga. Simama nyuma ya mlango, upande wa bawaba, ili mlango wenyewe uwe ngao yako.
3. Fungua upenyo wa vidole viwili, usubiri nusu dakika au zaidi mpaka usikie moto umetulia.
4. Fungua polepole. Usiingize kichwa ndani. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na sanduku la moto huwa limejaa gesi hiyo hata kama moto unaonekana umekufa.

Mambo mengine matatu hayana mjadala. Usizibe wala usipunguze tundu la wazi la tangi, kwa sababu tangi lililozibwa likichemka linageuka bomu. Usimwage maji baridi kwenye tangi lililokauka likiwa na moto. Acha moto ufe na chuma kipoe kabisa, hata kama nyumba itapoa usiku huo. Na kata umeme kwenye swichi kuu kabla ya kufungua kisanduku cha nyaya, si kwenye swichi ndogo ya feni.

Vipimo vinne

Unahitaji kipimajoto cha kuelekeza chenye umbo la bastola. Kile cha kupimia homa hakifai. Kipimo chake huishia karibu na joto la mgonjwa. Mabomba ya shaba na chuma kinachong'aa hudanganya kipimajoto cha bastola, kinasoma chini sana. Zungushia kipande cha utepe mweusi wa umeme mahali unapopima, subiri dakika chache utepe upate joto la bomba, kisha piga juu ya utepe ukiwa karibu, umbali wa kiganja. Bomba la plastiki nene nalo husoma chini kidogo kuliko maji yaliyomo, basi pima kwenye viungio vya chuma.

Hakikisha nyumba inaita joto, yaani thamostati ya ndani imepandishwa na mfumo umefanya kazi angalau dakika 15. Halafu pima:

Kipimo A: bomba linapotoka kwenye tanuri.
Kipimo B: bomba hilohilo linapoingia ndani ya nyumba.
Kipimo C: bomba linapotoka kwenye kibadilishajoto cha nyumba (kifaa kinachotoa joto la maji na kulipa nyumba) kuelekea nje.
Kipimo D: bomba linaporudi kwenye tanuri.

Andika namba zote nne pamoja na joto linaloonyeshwa na tanuri lenyewe. Sasa zisome.

Kama tanuri linasema 80 na A ni 45, maji hayatembei. Tatizo ni pampu, hewa iliyokwama, au vali iliyofungwa. Nenda kwenye sehemu ya pampu.

Kati ya B na C tofauti nzuri ni karibu nyuzi 10. Ikifika 20 au zaidi, maji yanatembea polepole mno: chujio limeziba, pampu ni dhaifu, bomba ni jembamba, au kuna hewa. Ikiwa ni 2 au 3 tu na nyumba bado baridi, maji yanapita lakini joto halitoki. Hapo angalia feni ya ndani, vumbi kwenye mapezi ya kibadilishajoto, chokaa ndani yake, na vali ya pembeni iliyoachwa wazi ikiruhusu maji yarudi bila kupita.

Kati ya A na B, na kati ya C na D, ndipo ardhi inapokula. Mabomba mazuri hupoteza nyuzi 1 au 2 tu. Chukua mfano wa namba hizi: A 80, B 71, C 63, D 56. Maji yameacha nyuzi 24 safari nzima, lakini ndani ya nyumba yameacha 8 tu. Theluthi mbili ya joto la kuni inapasha udongo. Hakuna pampu wala thamostati itakayoponya hiyo. Maji ya ardhini yameingia kwenye ganda la bomba na kuloanisha kihami joto. Dalili ya nje ni mstari wa theluji iliyoyeyuka, au nyasi mbichi, juu ya njia ya mabomba. Dawa yake ni kuchimba na kuweka bomba lililohamiwa kiwandani kwa povu lililofungwa, lisilopitisha maji. Ni gharama inayouma, lakini kuni zinazopotea nazo ni gharama, na hiyo unailipa kila mwaka.

Kipimo D kina kazi nyingine. Maji yakirudi chini ya nyuzi 60 siku hadi siku, mvuke wa moshi unaganda kwenye kuta za sanduku la moto na kutiririka ukiwa na tindikali. Chuma kinalika kutoka upande wa moto bila wewe kuona. Vali ya kuchanganya maji inayozuia maji baridi yasirudi moja kwa moja tangini hutatua hili, na kwa maoni yangu ndiyo kifaa cha kwanza cha kuongeza kwenye tanuri lolote lisilonacho.

Ukitaka kujua nyumba inapata nguvu kiasi gani hasa, zidisha lita za maji kwa dakika kwa tofauti ya B na C, kisha zidisha kwa 0.07. Jibu ni kilowati. Lita 30 kwa dakika zikishuka nyuzi 10 ni kilowati 21. Kiasi cha maji utakisoma kwenye mita ya mtiririko kama ipo, au utakikadiria kwa jedwali la pampu.

Tanuri halipandi joto

Vipimo vya mabomba vikikuonyesha kwamba tanuri lenyewe ndilo baridi, fuata mpangilio huu. Umepangwa kuanzia lisilogharimu kitu.

Kuni. Pasua gogo katikati sasa hivi na uchome sindano za kipima unyevu kwenye uso mpya wa ndani. Usipime kwenye ncha wala ganda, kwa sababu huko hukauka mapema na kukupa matumaini ya uongo. Unatafuta asilimia 20 au chini. Kuni zilizokatwa juzi zinaweza kuwa na nusu ya uzito wake maji. Kuvukiza maji hayo hula sehemu ya joto, lakini hasara kubwa zaidi ni kwamba moto unapoa, gesi za kuni zinatoka bila kuungua, na zinakwenda kuwa kreosoti. Kuni zilizopasuliwa, zikapangwa juu ya magogo zisiguse udongo, zikafunikwa juu tu huku pembeni pakiwa wazi kwa upepo, huhitaji miezi 6 hadi 12. Mbao ngumu na nzito zinaweza kuhitaji misimu miwili ya kiangazi. Turubai lililofunika hadi chini linazuia mvua na kuzuia kukauka vilevile.

Majivu. Yakifunika matundu ya hewa chini ya moto, feni inapuliza ukuta. Chokoa matundu kwa chuma chembamba.

Feni. Isikilize. Isipozunguka huku tanuri likiita joto, angalia swichi ya mlango kwanza (mlango usiofungika vizuri huikata), kisha swichi ya usalama ya joto kali, ambayo ikiruka mara nyingi inahitaji kubonyezwa kwa mkono. Kuna pia swichi inayokata feni maji yakipoa sana, kwa kudhani moto umezimika. Ukiwasha moto kwenye tanuri baridi lazima uipite kwa kitufe cha kuwashia. Feni inayovuma bila kuzunguka huwa na mapanga yaliyoshikwa na masizi au kapasita (kifaa kidogo cha umeme kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka) iliyokufa. Feni inayozunguka lakini haisukumi hewa ina mapanga yaliyojaa uchafu. Yasugue, utashangaa tofauti yake.

Sensa. Sensa ya joto hukaa ndani ya mfereji mdogo unaoingia tangini. Ikichomoka nusu, inasoma joto la hewa. Tanuri linaweza kuchemka huku kioo kikisema 60. Ihakiki kwa kulinganisha na kipimo A.

Kama vyote viko sawa, jiulize kama tanuri lina nguvu ya kutosha. Jengo la pili lililounganishwa mwaka huu, au bwawa, au banda, huwa ndilo jibu.

Tanuri linapita kiwango na kuchemka

Hapa hewa inaingia mahali isipotakiwa, au joto halina pa kwenda.

Anza na kifuniko cha hewa. Kreosoti hukishika kikabaki wazi nusu. Kikwangue hadi chuma kionekane, na usugue pia mahali kinapokalia, kisha kifungue na kukiacha mara kadhaa uone kinaanguka chenyewe kwa uzito wake. Halafu mlango: funga kipande cha karatasi kati ya mlango na fremu, ukivute. Kikitoka bila kugoma, gasketi, yaani kamba inayoziba ukingo wa mlango, imelala hapo. Rudia kuzunguka mlango mzima na mlango wa majivu. Gasketi ya kamba hubadilishwa kwa kukwangua mfereji wote, kupaka gundi ya joto kali, kuingiza kamba ya kipenyo kilekile bila kuivuta, kisha kufunga mlango kwa saa zilizoandikwa kwenye gundi. Ukiivuta kamba inakuwa nyembamba na itavuja tena. Kabla ya kubadilisha, jaribu kukaza kufuli au kugeuza gasketi. Wakati mwingine hiyo inatosha.

Pampu iliyosimama nayo huchemsha tangi. Vivyo hivyo kuni ndogo zilizokauka mno zikijazwa zote pamoja: moto wake ni mkali kiasi kwamba hata hewa ikikatwa joto linaendelea kupanda. Ukiwa mahali pa juu, kumbuka kwamba maji huchemka mapema, kama nyuzi 1 chini kwa kila mita 300 za mwinuko. Mita 2,000 juu ya usawa wa bahari yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo shusha kiwango.

Likichemka mbele yako, pandisha thamostati zote za nyumba ili joto lipate pa kukimbilia, hakikisha pampu inazunguka, funga milango yote ya moto, na uondoke karibu na tundu la mvuke.

Pampu na hewa iliyokwama

Pampu ya tanuri inatakiwa iwe chini ya kiwango cha maji ya tangi, karibu na tanuri, ili maji yaingie yenyewe. Pampu iliyowekwa juu nyumbani, ikivuta maji badala ya kusukuma, itavuta hewa na kukwaruza mpaka iharibike. Fundi aliyeiweka hapo kwa sababu umeme ulikuwa karibu alijirahisishia kazi yeye mwenyewe.

Pampu moto lakini kimya, yenye umeme: kata umeme, fungua skrubu pana ya katikati kama ipo, geuza shafti kwa bisibisi. Pampu iliyokaa msimu mzima bila kazi hukwama, na mguso huo huifufua. Pampu inayozunguka lakini bomba la mbele yake baridi ina hewa. Kuitoa:

1. Funga vali ya bomba linalorudi tangini.
2. Unganisha mpira kwenye bomba la kutolea maji upande wa nyumba wa vali hiyo, na mdomo wa mpira uuzamishe kwenye ndoo.
3. Washa pampu, fungua bomba la kutolea. Mapovu yatatoka kwa vishindo, kisha maji safi.
4. Yakitoka bila povu kwa dakika moja nzima, funga bomba la kutolea na wakati huohuo fungua vali ya kurudi.
5. Rudisha maji ya ndoo tangini. Yana dawa, usiyamwage.

Hewa ikirudi kila wiki, kiwango cha maji kiko chini mno au kiungio kabla ya pampu kinanyonya hewa. Na kama hakuna vali pande zote mbili za pampu, ziweke siku utakayoibadilisha. Bila vali hizo, kubadilisha pampu ni kumwaga tangi zima.

Chujio dogo lenye mdomo wa pembeni kabla ya kibadilishajoto watu hulisahau kabisa. Funga vali, fungua kifuniko, suuza wavu. Tope jeusi laini ni kutu. Likiwa jingi, soma sehemu inayofuata mara mbili.

Maji ndiyo uhai wa tangi

Tanuri la chuma haliuawi na moto, linauawa na maji yasiyotunzwa. Oksijeni iliyomo kwenye maji mapya hula chuma mpaka iishe, kisha kutu inapungua. Kila unapoongeza maji unaileta upya. Kwa hiyo tanuri linalohitaji kuongezwa maji kila mara halina tabia mbaya tu, linaoza.

Weka dawa ya kuzuia kutu iliyopendekezwa na mtengenezaji, si nyingine, kwa sababu dawa za aina tofauti zikichanganywa huharibiana. Pima kwa vijiti vya kupimia mwanzoni mwa msimu, katikati yake, na kila baada ya kuongeza maji mengi. Kwenye matangi ya chuma cha kawaida pH (kipimo cha tindikali na besi ya maji) hutakiwa kuwa ya kibesi, mara nyingi kati ya 8 na 10. Kitabu cha tanuri lako ndicho cha mwisho. Tangi la chuma kisichopata kutu nalo lina adui wake: kloridi. Usilijaze maji yenye chumvi chumvi.

Kuna kosa dogo linaloleta hasara kubwa. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 15 hadi 80 hutanuka karibu asilimia 3. Tangi la lita 800 linaongeza kama lita 22. Mtu akilijaza hadi juu likiwa baridi, ziada inamwagika kupitia tundu likipata moto. Likipoa, anaona kiwango kimeshuka, anajaza tena. Anamwaga dawa na kuingiza oksijeni, mzunguko baada ya mzunguko, na hakuna kinachovuja. Kiwango kisome tanuri likiwa moto, kwa joto lilelile kila mara, na uweke alama ya rangi kwenye kioo cha kuonyesha kiwango cha maji.

Kiwango kikishuka kweli, kuna kuvuja. Ukikuta maji ndani ya sanduku la moto usikate tamaa haraka. Tanuri linalowashwa likiwa baridi hutoa jasho jingi, maji yakitiririka ukutani hadi nje ya mlango. Yakikauka maji ya tangi yanapofika nyuzi 65 au 70, lilikuwa jasho. Yakiendelea mahali palepale huku kiwango kinashuka, ni tundu kwenye kiungo kilichochomelewa. Dawa za kuziba matundu kutokea ndani sizipendi. Huziba pia kibadilishajoto. Punguza maji ya tangi mpaka yawe chini ya usawa wa tundu, ita mchomeleaji.

Na kiwango kikipanda chenyewe? Maji yanafurika juu bila mtu kuongeza kitu. Hapo kibadilishajoto cha maji ya kuogea kimetoboka ndani: maji ya nyumba yana shinikizo kubwa, yanaingia kwenye tanuri. Funga upande wa maji ya kuogea mara moja na usiyatumie, kwa kuwa shinikizo likishuka, maji ya tanuri yenye dawa yanaweza kurudi kwenye bomba la kuogea.

Maji ya kuogea yakipungua joto mwaka hadi mwaka ilhali nyumba inapata joto, ni chokaa. Tenga kibadilishajoto kwa vali, zungusha mchanganyiko wa asidi ya sitriki wa asilimia 5 hivi ulio vuguvugu kwa pampu ndogo na ndoo, saa moja au mbili mpaka mapovu yaishe, kisha suuza sana. Hakikisha kuna vali ya kuchanganya maji kabla ya bomba za kuogea. Maji ya nyuzi 80 huunguza mtoto papo hapo.

Moshi, kreosoti na majivu

Moshi mweupe mzito dakika chache baada ya kutia kuni ni kawaida. Ukiendelea saa nzima feni ikiwa inafanya kazi, rudi kwenye kuni. Moshi unaotokea mlangoni maana yake bomba la moshi limeziba, na mara nyingi ni ule wavu wa juu kabisa, uliofunikwa na kreosoti.

Kila wiki mbili au tatu choma moto mkali wa kuni ndogo zilizokauka kwa nusu saa hivi ukiwa umesimama hapo, ili kreosoti ya kuta ikauke na kuwa magamba. Ikishapoa, kwangua. Kreosoti mbichi inayonata haikwanguki, inakuchafua tu. Bomba la moshi lipigwe brashi kila mwezi wa matumizi makubwa. Likiwaka moto ndani, utasikia mngurumo na kuona miali juu: funga milango yote, zima feni, waite zimamoto. Usimwage maji kwenye bomba.

Majivu usiyaondoe yote msimu ukiendelea. Bakiza tabaka la sentimeta 3 hadi 5 lenye makaa, huhifadhi moto. Yanayotoka yaweke kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, juu ya zege au udongo mtupu, mbali na nyumba na kuni. Makaa yaliyofunikwa na majivu hubaki hai kwa siku kadhaa. Pembe za nyuma ndizo hubeba majivu ya zamani yaliyoshika unyevu, na ukuta wa pembe hizo ndio hutoboka mwanzo. Zifikie.

Vitu visivyopaswa kuingia humo: takataka, plastiki, mbao zilizopakwa rangi au dawa, na magogo yaliyooshwa na bahari. Klorini na kemikali zake hula chuma, na moshi wake unaupumua wewe na jirani.

Umeme ukikatika, maji yakiganda

Umeme ukienda, feni inazima na kifuniko kinaanguka, moto unalala; hilo ni jema. Lakini pampu nayo imesimama, na sanduku la moto lililojaa kuni zinazowaka litaendelea kupandisha joto la tangi. Betri yenye inveta ya kuendesha pampu peke yake ni ndogo na inatosha kwa saa kadhaa, maana pampu hizi hula umeme kidogo. Kwenye baridi ya kuganda pampu iendelee kuzunguka hata kama moto umezimika, kwa sababu maji yanayotembea hayagandi upesi na yanabeba joto la nyumba hadi nje.

Ukiondoka siku nyingi majira ya baridi bila mtu wa kutia kuni, tumia propilini glaikoli (kimiminika cha kuzuia maji yasigande) yenye kinga ya kutu kwa kiasi kinacholingana na baridi yenu, na uipime kila mwaka kwa sababu huzeeka ikawa na tindikali. Kulanti ya gari ni sumu. Isikaribie mfumo unaopakana na maji ya kuogea.

Kufunga msimu

Siku ya moto wa mwisho ndiyo ya kazi kubwa. Tanuri huoza zaidi miezi ya joto kuliko miezi ya kazi, kwa kuwa majivu na kreosoti hunyonya unyevu wa hewa na kuushikilia kwenye chuma.

1. Acha moto ufe. Likipoa, toa majivu yote, hata ya pembeni, kwa brashi ya waya na mashine ya kufyonza majivu.
2. Kwangua kuta mpaka chuma, pamoja na njia za moshi nyuma na bomba lote.
3. Paka kuta mafuta mepesi ya mashine kwa kitambaa.
4. Funika bomba la moshi lisiingize mvua, na uning'inize kibao mlangoni kinachosema limefunikwa. Mwenye kuwasha wa kwanza mwakani anaweza asiwe wewe.
5. Pima dawa ya maji, ongeza kama imepungua, zungusha pampu siku nzima ichanganyike. Tangi liache limejaa. Lililo tupu lina hewa na unyevu, yaani kutu.
6. Kagua gasketi, safisha feni, vuta kila waya kwa vidole uone kama umelegea. Panya hupenda nyaya za kisanduku hiki, ziba matundu kwa wavu wa chuma.
7. Washa pampu dakika 10 kila mwezi mpaka msimu urudi, isije ikakwama.

Vipimo vinne vya mwisho kabla ya kuzima viandike kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya mlango wa kisanduku cha nyaya, pamoja na tarehe. Mwakani ukipima wiki ya kwanza na tofauti ya A na B ikawa imeongezeka, utajua pa kuchimba.